Mtoto wa Kibofu Wazi, na Miaka Inayofuata Operesheni

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

KWA KIONGOZI WA DARASA. Kabla hujafungua redio, andika ubaoni maneno haya saba: figo, mrija, kibofu, utumbo mpana, operesheni, asidi, saratani. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Usiwaeleze maana yake. Maana itakuja katika somo. Likiisha somo, darasa lizungumzie maswali yaliyo mwishoni.

SOMO

Hamjambo, ndugu wanafunzi? Hamjambo akina mama na akina baba wa Mgeta, wa Matombo, wa Kinole na wa Mlali, na ninyi mlioko hapa mjini Morogoro, chini ya mlima? Kaeni vizuri. Walio nyuma wasogee karibu na redio.

Juma lililopita tulisoma habari za matuta ya Uluguru. Mnakumbuka kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi, ili udongo usichukuliwe na mvua. Wakubwa walipita wakihesabu matuta. Matuta yakiwa mengi, walisema kazi imefaulu. Lakini mkulima alingoja mavuno. Mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa chini, udongo mbaya ukaja juu, na mazao yakadhoofu. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika upande wa Matombo kupinga jambo hilo, mtu mmoja akapoteza maisha, na baadaye mpango ule ukaachwa. Tuliagana kwa swali hili: Je, kazi ipimwe siku ya kuchimba au siku ya kuvuna?

Leo nawaletea historia nyingine yenye swali lile lile, lakini shamba lake ni mwili wa binadamu. Nitawaambia kwanza sababu ya kulichagua somo hili.

Siku moja nilikuwa nikikagua darasa moja la milimani. Masomo yalipokwisha, bibi mmoja alinifuata nje. Alingoja wenzake wapite, kisha akasema, “Mwalimu, nina mjukuu. Alizaliwa na kibofu kiko nje. Alipasuliwa hospitali ya mbali, akarudi mzima. Sasa yuko shule, anacheza mpira. Hospitali walituambia tumrudishe kila mwaka. Mjomba wake anasema, mtoto yu mzima, nauli ya nini? Nawe mwalimu unasemaje?”

Nilimjibu kwa kifupi, maana gari lilikuwa likiningoja. Lakini njia nzima ya kuteremka mlima nilijiona sikumjibu sawasawa. Basi leo namjibu yeye, na ninyi nyote mnasikia.

1. Mwili ulivyo

Tuanze na maneno yaliyo ubaoni. Kila mtu ana FIGO mbili, nazo zimekaa mgongoni, chini ya mbavu. Figo huchuja damu kama kinamama wanavyochuja tui la nazi. Taka za damu hutoka pamoja na maji, na hayo maji ndiyo mkojo. Kutoka kila figo hushuka MRIJA mwembamba, na mirija yote miwili huingia katika KIBOFU. Kibofu ni kama kibuyu laini: hujaa, kisha mwenyewe hukifungua anapotaka. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kukaa sokoni asubuhi nzima bila ya kulowa.

Mara chache sana huzaliwa mtoto ambaye ukuta wa tumbo lake la chini haukufunga. Mifupa ya kinena, ambayo hukutana mbele, kwake imeachana. Kibofu nacho hakikufunga kuwa kibuyu, bali kimelala wazi juu ya tumbo, chekundu kama nyama ya ndani ya shavu, na mkojo unadondoka juu yake mchana na usiku. Viungo vya uzazi navyo huwa havikukamilika. Madaktari huiita hali hii ekstrofi. Sisi katika somo hili tutasema kibofu wazi.

Hutokea kwa mtoto 1 kati ya watoto 30,000 hadi 50,000 hivi, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Tufanye hesabu kidogo. Tukishika 40,000, basi katika watoto 80,000 tutazamie wangapi? Wawili. Ndiyo maana mkunga wa kijiji aweza kuzalisha maisha yake yote asimwone hata mmoja. Na akimwona, hushtuka.

Akishtuka, maneno huanza. Wengine husema mama alivunja mwiko. Wengine husema ni mkono wa mtu. Sikilizeni vizuri: jambo hili hutokea katika majuma ya kwanza ya mimba, pengine kabla mama mwenyewe hajatambua vema kwamba ana mimba. Si chakula alichokula, wala si njia aliyopita, wala si ugomvi wa ukoo. Na akili ya mtoto huyu ni kama ya watoto wengine. Akifundishwa kusoma, atasoma.

2. Operesheni ya kwanza

Zamani mtoto wa namna hii hakuwa na tiba. Baadhi walikufa wadogo, kwa sababu uchafu uliingia katika mirija ukapanda mpaka kwenye figo. Wengine waliishi miaka mingi, lakini waliishi pembeni. Nguo zao zililowa daima, ngozi yao ilichubuka, na watu waliwakimbia kwa ajili ya harufu.

Mwaka wa 1851, katika mji wa London, huko Uingereza, daktari mmoja aitwaye John Simon alifikiri hivi: Ikiwa kibofu hakiwezi kushika mkojo, je, mwilini hamna chombo kingine cha kushika? Kipo. UTUMBO MPANA hushika choo mpaka mwenyewe atake kwenda haja. Basi Simon alitafuta njia ya kupitisha mkojo kutoka katika mirija uingie katika utumbo mpana. Alimfanyia hivyo kijana mwenye kibofu wazi, na mwaka wa 1852 akaandika habari zake.

Mkojo kweli ulipita katika njia mpya. Kama tungepima siku ile, tungesema amefaulu. Lakini kijana yule aliishi karibu mwaka mmoja tu, akafa. Choo kina vijidudu, na vijidudu vilipopata njia vilipanda kwenye figo. Kumbukeni pia kwamba wakati ule madaktari hawakujua bado kuua vijidudu katika chumba cha OPERESHENI. Jambo hilo lilienea baada ya mwaka wa 1867, daktari Joseph Lister alipoandika njia yake ya kusafisha vidonda na vyombo.

Hata hivyo wazo la Simon halikufa. Mwaka wa 1911 daktari wa Marekani, Robert Coffey, alionyesha namna bora ya kushona. Alipitisha mrija kwa mshazari ndani ya ukuta wa utumbo kabla haujatokeza ndani. Utumbo unapojaa, ukuta huubana mrija ukafunga, na uchafu haurudi nyuma kwa urahisi. Ni kama mlango unaofungwa na upepo wenyewe. Tangu hapo wagonjwa wengi walipona operesheni, wakatoka hospitali wakitembea, nguo kavu. Watu wakasema, sasa tiba imepatikana.

3. Mavuno yalipoanza kuonekana

Hapa ndipo somo letu la kweli linapoanza. Wagonjwa wale walirudi nyumbani. Miaka ikapita. Madaktari wachache wenye subira walianza kuwatafuta na kuwauliza: Habari za tangu siku ile?

Jambo la kwanza walilolikuta lilikuwa katika figo. Kwa wengine figo moja au zote mbili zilikuwa zimeharibika polepole bila ya kelele. Figo hazina kelele, ndugu zangu. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi ya figo zake naye bado analima. Homa za mara kwa mara na maumivu ya kiuno ndizo dalili, lakini nani katika nchi zetu haumwi homa? Husema ni malaria, akanywa dawa, akaendelea.

Jambo la pili lilikuwa katika damu. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Mkojo ukikaa humo, utumbo hunyonya tena sehemu ya zile taka ambazo figo zilikwisha kuzitoa. Mwaka wa 1950 madaktari wa Marekani, Ferris na Odel, waliwapima wagonjwa wengi waliofanyiwa operesheni hii, wakakuta ASIDI imezidi katika damu yao. Asidi ni ule ukali ulio katika ndimu na siki. Damu ikizidi asidi, mtu huchoka, hakosi kiu, hapendi chakula. Mtoto hakui sawasawa, na mifupa yake hudhoofu. Lakini jambo hili lina dawa nyepesi, tena ya bei ndogo, daktari akishapima damu na kujua kiasi cha kumpa.

Jambo la tatu ndilo zito. Mwaka wa 1929 daktari aitwaye Hammer aliandika habari za mgonjwa wa kibofu wazi aliyepata SARATANI ndani ya utumbo, mahali pale pale mrija ulipoungwa. Mwanzoni watu walidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Baadaye wakatokea wengine na wengine. Ikajulikana kwamba mkojo na choo vikichanganyika juu ya kovu lile kwa miaka mingi, uvimbe mbaya unaweza kuota. Hauoti mwaka wa kwanza wala wa tano. Mara nyingi hutokea miaka 20 au zaidi baada ya operesheni, mtu akiwa ana nyumba yake na watoto wake, na habari za hospitali amekwisha kuzisahau.

Fikirini, ndugu zangu. Mtoto amepasuliwa akiwa na miaka 6. Amekuwa mtu mzima wa miaka 35. Wazazi wamekufa, na cheti cha hospitali kimeliwa na mchwa. Anaona damu katika choo. Anakwenda zahanati, anaambiwa ni bawasiri au ni kuhara damu. Yeye hasemi kwamba alipasuliwa utotoni, kwa sababu anaona haya, au kwa sababu hakuna aliyemweleza alifanyiwa nini. Daktari atajuaje? Lakini mtu huyu akijulikana mapema, utumbo wake huchunguzwa kila mwaka kwa chombo chenye taa, kuanzia miaka 10 hivi baada ya operesheni. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, hukatwa, na mtu akaishi.

4. Njia nyingine

Kwa sababu ya mambo haya matatu, madaktari walirudi kwenye wazo la kukifunga kibofu chenyewe. Wengi walijaribu wakashindwa. Mwaka wa 1942, katika mji wa Baltimore, Marekani, daktari Hugh Young alitoa habari za msichana ambaye kibofu chake kilifungwa, naye akaweza kujizuia. Katika miaka ya 1970 daktari Robert Jeffs akaeneza desturi ya kufanya kazi hii kwa hatua: kwanza kukifunga kibofu mara mtoto anapozaliwa, mifupa ingali laini, baadaye kutengeneza viungo vya uzazi, na mwisho, mtoto akiwa na akili ya kufuata maagizo, kutengeneza mlango wa kibofu ili ashike mkojo.

Njia hii huviacha viungo mahali pake. Lakini haina wepesi. Mtoto hupasuliwa mara kadhaa. Kibofu kingine huwa kidogo mno, kikahitaji kuongezwa kwa kipande cha utumbo. Kibofu kilichoongezwa hakijikamui chenyewe, basi mtu lazima atoe mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kila siku, maisha yake yote. Mwaka wa 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mtu aweza kufanya hivyo mwenyewe nyumbani kwa mikono na mpira uliooshwa vizuri, bila ya kuhitaji wodi. Mwaka wa 1980 Paul Mitrofanoff wa Ufaransa akaonyesha namna ya kutumia kidole tumbo kuwa njia ndogo ya kupitisha mpira kupitia ukuta wa tumbo. Mambo mazuri sana. Lakini yanataka maji safi, mipira, na choo chenye mlango.

Sasa turudi kwetu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka wa 1971, na baadaye ikawa mahali pakubwa pa kutibu na kufundisha magonjwa ya njia ya mkojo. Madaktari wake walipokea watoto wenye kibofu wazi ambao hawakuletwa siku ya kuzaliwa. Wengine walikuwa wamekwisha kukua. Mifupa ilikuwa imekaza, na kibofu kimekuwa kigumu kwa kukaa wazi. Mwaka wa 1999 madaktari hao walitoa maandishi katika jarida la utabibu, wakieleza kwamba kuuelekeza mkojo njia nyingine kunaweza kushika mahali pa kukifunga kibofu kwanza.

Mbona warudie wazo la zamani, nasi tumesikia hatari zake? Pimeni wenyewe. Mtoto wa kijijini aliyeelekezewa mkojo katika utumbo hahitaji kununua mifuko ya kubandika tumboni wala mipira. Huenda chooni kama watu wote, ila kila baada ya saa chache, na choo chake ni cha majimaji. Mchana wengi wao hukaa wakavu. Usiku humpasa kuamka, la sivyo pengine atalowa. Kabla ya kumpasua, daktari humjaribu kwanza kwa kumwekea maji katika utumbo, aone kama misuli ya njia ya haja kubwa inaweza kushika. Tena katika miaka ya 1990 wapasuaji wa mji wa Mainz, Ujerumani, waliitengeneza upya njia hii: huupasua utumbo na kuushona uwe kama mfuko mpana, ili usisukume mkojo kwa nguvu, na figo zipate nafuu.

Basi njia hii humpa mtoto nguo kavu na shule. Hilo si jambo dogo. Lakini deni lake hulipwa kwa kuchunguzwa maisha yote. Anayechukua operesheni akaacha uchunguzi amechukua nusu ya dawa.

5. Maisha ya mtu mzima

Madaktari wa leo hawaulizi tu, “Je, kidonda kimepona?” Huuliza maswali mengine. Je, unakwenda shule au kazini? Unalala mkavu? Una rafiki? Umeoa au umeolewa? Unajionaje ukiwa peke yako?

Majibu yana kheri na yana mashaka. Wengi waliotibiwa husoma, hufanya kazi, na huoa na kuolewa. Mwendo wao pengine una alama kidogo, maana mifupa ya kinena iliyoachana huigeuza miguu kwenda nje. Kitovu chao hakiko mahali pa kawaida. Makovu yapo. Wakiwa watoto wadogo mambo haya hayawasumbui sana. Ujana ukiingia ndipo huzuni huja: kuoga mtoni na wenzake, kulala bwenini, kumpenda mtu na kuogopa kumwambia. Kijana wa namna hii anahitaji mtu wa kuzungumza naye kama anavyohitaji dawa.

Juu ya uzazi, tuseme kwa adabu, lakini tuseme, kwani wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwanamke aliyezaliwa na kibofu wazi aweza kushika mimba na kuzaa mtoto mzima. Lakini asizalie nyumbani. Kizazi chake hakina mshiko mzuri, chaweza kushuka, na makovu ya operesheni yaweza kuchanika. Mara nyingi madaktari huona heri kumzalisha kwa operesheni, tena pawepo daktari anayejua mwili wake ulivyoshonwa. Mwanamume aweza kuoa na kuwa na unyumba. Kupata mtoto kwake ni kugumu zaidi, maana njia ya mbegu huenda imeharibika, lakini wapo waliopata kwa msaada wa madaktari. Na mzazi aliyekuwa na kibofu wazi, karibu kila mara huzaa mtoto asiye na tatizo hilo.

6. Namjibu bibi

Sasa nakuja kwako, bibi yangu, kama unasikiliza.

Mjomba wa mtoto si mtu mbaya. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeulizwa fedha zitatoka wapi. Yeye anahesabu maharage na ndizi, anahesabu daftari za watoto wengine, kisha anaitazama safari ya Moshi, zaidi ya kilomita 400, na anaona mtoto anacheza mpira. Kwa macho yake hana kosa. Kosa ni kwamba jambo lenyewe halionekani kwa macho. Asidi haionekani. Figo hazionekani. Uvimbe mdogo hauonekani. Vyote huonekana kwa kipimo tu, na vikianza kuonekana bila ya kipimo, saa imekwisha kupita.

Mwambieni mjomba mambo manne.

La kwanza: safari si lazima iwe ndefu kila mara. Muulizeni daktari aliyempasua ni vipimo gani vinavyoweza kufanywa hapa Morogoro, katika hospitali ya mkoa. Kupima damu, kupima mkojo kwa wale ambao kibofu chao kilifungwa, na kupiga picha ya figo kwa mashine ya altrasaundi ni mambo yasiyohitaji kwenda mbali. Safari ndefu ibaki kwa yale ambayo hospitali kubwa peke yake inaweza. Siku hizi hata Dar es Salaam iko karibu kuliko zamani. Reli ya kwanza iliufikia mji wetu mwaka wa 1907. Tangu mwaka wa 2024 treni ya umeme inatufikisha Muhimbili na kuturudisha siku hiyo hiyo, tukiamka mapema.

La pili: cheti. Mwandikieni mtoto katika daftari moja gumu: jina lake, mwaka aliozaliwa, mwaka na hospitali aliyopasuliwa, na maneno haya, “Mkojo wangu umeelekezwa katika utumbo,” au “Kibofu changu kilifungwa,” kama daktari atakavyosema. Daftari likae katika mfuko wa nailoni, pasipofikiwa na mchwa. Nakala moja akae nayo mjomba mwenyewe. Ninyi mnaojifunza kuandika katika darasa hili, hii ni kazi ya kalamu zenu.

La tatu: mtoto aambiwe. Asifichwe historia ya mwili wake. Akifikisha miaka 10 aanze kulisoma daftari lake. Akifikisha 15 alishike yeye. Sisi wazee hatutakuwapo miaka 20 ijayo kumkumbusha.

La nne: dalili za kukimbilia hospitali bila ya kungoja mwaka uishe. Homa yenye maumivu ya kiuno. Kutapika na kuchoka sana. Kukosa mkojo. Damu katika choo. Na kwa mwenye kibofu kilichoongezwa, maumivu makali ya tumbo ya ghafla, kwa maana kibofu hicho chaweza kupasuka. Akifika, neno lake la kwanza liwe, “Mimi nilipasuliwa kibofu utotoni.”

Nina neno kwa wakunga pia, na kwa kila anayeweza kumwona mtoto wa namna hii siku ya kwanza. Usimkaushe, wala usimbandike kitambaa kikavu, maana kitagandama na kuchuna. Usimwekee majani wala unga wa dawa. Funika kibofu kwa nailoni laini, safi, inayong’aa. Kitovu kifungwe kwa uzi, kisibanwe kwa kibanio kigumu kitakachokwaruza. Mtoto anyonye kama kawaida, apate joto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Siku za kwanza ndizo mifupa ingali laini, na njia zote za tiba zingali wazi mbele yake.

Na kwa walimu wa shule: mtoto huyu akiomba ruhusa ya kwenda chooni, mruhusuni. Msimwulize mbele ya wenzake kwa nini anakwenda mara nyingi. Mkalisheni karibu na mlango. Ruhusa hiyo haina gharama, nayo yaweza kumfanya amalize shule.

Ndugu wanafunzi, tangu kijana yule wa London mpaka mjukuu wa bibi yetu, ni zaidi ya miaka 170. Kila hatua ilipatikana kwa sababu mtu fulani alirudi kumtazama mgonjwa baada ya wengine kusema amepona. Hammer alitazama, Ferris na Odel walitazama. Mjukuu wetu naye akirudi kliniki, yeye anapata kupona, na madaktari wetu wanapata kujua watoto wa nchi hii wanavyoendelea wakiwa watu wazima. Watoto watakaozaliwa kesho watatibiwa vizuri zaidi kwa sababu yake.

Bibi, mpeleke mtoto. Ukipungukiwa nauli, usikae kimya: sema katika kikao cha ukoo, sema na ofisi ya ustawi wa jamii, sema na darasa lako. Nasi tutakuja kukusikiliza.

Kwaherini. Juma lijalo, saa hii hii.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kijana aliyepasuliwa na John Simon aliishi muda gani? Je, operesheni ile ilifaulu? Toeni sababu za kila upande.

2. Taja mambo matatu yaliyogunduliwa miaka mingi baada ya operesheni ya utumbo. Ni lipi lenye dawa nyepesi?

3. Mtoto amepasuliwa mwaka wa 2016 na mkojo wake ukaelekezwa katika utumbo. Uchunguzi wa utumbo uanze kama mwaka gani?

4. Darasa ligawanyike pande mbili. Upande mmoja useme maneno ya mjomba, upande mwingine useme maneno ya bibi. Asitukanwe mtu. Tafuteni patano.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika katika daftari lako ugonjwa mmoja au operesheni moja iliyompata mtu wa nyumbani kwako, na mwaka wake, na jina la hospitali. Kama huujui mwaka, muulize mkubwa wako leo, kabla hamjalala.